Mstari Usioshuka

Mstari ulipanda unywele mmoja, saa sita na dakika nne mchana, na chumbani hamkuwa na sauti hata ya nzi.

Hilo tu. Hakuna mlango uliojifunga wenyewe, hakuna paka mweusi, hakuna mwanamke mwenye kwato. Kama umekuja kutafuta kwato, rudi kwa bibi yako akusimulie. Hapa kuna mstari mwembamba wa rangi ya chungwa kwenye kioo cha kompyuta, na ukifika mwisho bila kugeuka kutazama nyuma yako hata mara moja, njoo unitukane.

Aliyeuona ni Farwa Batul, miaka ishirini na saba, mtoto wa mtaa wa Krishan Nagar, Lahore. Kazi yake, juu ghorofani katika nyumba ya mama yake, ilikuwa kuchora vipimo vya sauti. Usikunje uso. Wanamuziki wa siku hizi hupika muziki wao ndani ya kompyuta, na kila programu ya kazi hiyo ina nguzo mbili za mwanga, ya kushoto na ya kulia, zinazopanda sauti ikiwa kubwa na kushuka ikiwa ndogo. Kijani, manjano, nyekundu. Mtu anazikodolea macho maisha yake yote asijiulize nani kazichora. Kazichora Farwa. Yeye ndiye aliyeamua kijani kiwe cha jani la mwarobaini, kisiwe cha kasuku. Nguzo ipande kama mtu aliyeungua na ishuke kama mzee mwenye magoti mabovu, maana ikishuka upesi jicho huchoka. Wenye digrii zao walimtumia vipimo vyao avinyooshe, na yeye shule aliiaga darasa la kumi. Limeze hilo.

Juu ya kila nguzo aliweka mstari. Nguzo ikipanda inausukuma juu, nguzo ikishuka mstari unabaki palepale kama alama ya mafuriko ukutani, ili ujue sauti ilifika wapi. Baada ya sekunde mbili nao hushuka. Isipokuwa uuambie usishuke. Ukiuambia hivyo utakaa hapo mpaka uubonyeze kwa mkono wako, hata ipite miaka mia.

Mstari huu ulikuwa umekaa siku thelathini na moja.

Aliyeuweka hapo ni Sibtain, kaka yake. Sibtain alikuwa mwimbaji wa harusi na wa maulidi, sauti kama chuma kipya, kichwa kama cha mbuzi. Jumapili ile aliingia kwenye stoo waliyoitandika magodoro ukutani ili isitoe mwangwi, akasimama mbele ya maikrofoni, akaigonga kwa ukucha mara mbili. Tk, tk. Ilikuwa lugha yao tangu utotoni. Yeye akigonga mara mbili anauliza, uko tayari? Farwa, upande wa pili wa dirisha dogo la kioo, anagonga mara mbili kujibu, niko tayari.

Tk, tk.

Hawakurekodi. Walikuwa wanajaribu kipimo tu, na Farwa kauambia mstari usishuke. Sibtain akavuta pumzi, akapandisha sauti moja mpaka vikombe vya mama yao chini vikatikisika, na mstari ukaruka ukasimama kwenye hasi mbili nukta tatu. Juu ya hapo kuna ziro, na ziro ndiyo dari. Sauti ikigusa dari taa nyekundu inawaka.

"Hee, nimebakiza nafasi," alisema akitoka na jasho. "Nikirudi nakugusia dari, kadogo."

"Utagusa dari ya choo," Farwa akamjibu. "Nenda kalete mikate, mama ana njaa."

Akapanda pikipiki kwenda kununua naan na mbaazi za kupika. Vishada vya kurushwa angani vimepigwa marufuku Lahore. Waulize watu wa Lahore kama wanajua. Paa fulani, mtu fulani alikatiwa kishada chake, na uzi uliopakwa gundi ya wali na unga wa vioo ukaning'inia kukatisha barabara. Sibtain aliukuta kwa koo.

Farwa hakulia. Waliosha, wakasali, wakazika. Siku ya tatu wanawake walipiga mayowe mpaka jirani akafunga madirisha, na yeye alikuwa akipita na birika akimimina chai, akiuliza nani anataka sukari. Umewahi kuchomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, ukajigusa shavu ukahisi kama unagusa shavu la mtu mwingine? Basi Farwa alikuwa hivyo mwili mzima. Alijibinya mkono kuona. Mkono ulibinyika.

Kanda nyingine za Sibtain zilikuwepo, tele. Lakini huyo alikuwa Sibtain wa mwaka jana. Wa Jumapili ile alibaki mstari. Kwa hiyo Farwa hakuubonyeza, na hakuizima kompyuta. Umeme ukikatika, na Lahore umeme hukatika kama mtu anapepesa macho, nyumba yote ilizimika lakini betri mbili za lori zilizokaa chini ya ngazi ziliuweka mstari hai.

Sasa mstari ulisoma hasi mbili nukta mbili.

Farwa akamwita Wajdan. Huyu ni binamu yake, mtoto wa mama mdogo, ndiye aliyekuwa akiandika programu yenyewe huku Farwa akichora sura yake. Mnene, mwepesi wa maneno, hajawahi kunyamaza tangu alipokatwa kitovu.

"Umepanda," Farwa alisema.

"Nani kapanda?"

"Mstari."

Wajdan akainama, akatafuna mbegu zake za tikiti. "Dada, mimi nimeandika mistari elfu kumi na mbili ya programu hiyo. Hakuna hata mmoja unaosema 'panda ukijisikia.' Pengine umepiga chafya."

"Sikupiga."

"Basi mende kapiga."

"Wajdan."

"Haya, haya. Nitaangalia." Akaangalia mpaka alasiri. Hakuona kosa. Maikrofoni ya stoo ilikuwa imechomekwa bado, kweli, lakini ukimya wa stoo ile ulisoma hasi sitini na kitu, chini kabisa, mahali ambapo hata pumzi ya panya haifiki. Kitu cha kusukuma mstari juu ya hasi mbili kingepaswa kuwa kelele ya kupasua masikio. "Labda joto," akasema mwishowe, na safari hii hakutafuna chochote.

Siku ya thelathini na mbili, saa sita na dakika nne, ulipanda tena. Thelathini na tatu, tena. Kila siku jua lilipofika utosini, saa ambayo wazee wa Lahore huwakataza watoto kukaa juu ya mapaa, mstari ulijisogeza kama mtu anayejiweka vizuri kitini. Na baada ya kupanda ikaja harufu. Wali uliochacha, rangi, na kitu kikavu kinachokwaruza puani. Farwa aliijua. Mtoto gani wa Lahore asiyeijua? Ni harufu ya gundi ya uzi wa kishada inapoanikwa.

Alifungua dirisha. Harufu ilikuwa ndani, nje hakukuwa na kitu.

Unadhani aliogopa. Mimi ningeruka ngazi zote kumi na saba kwa hatua mbili, na wewe ungenikanyaga mgongoni ukinipita. Yeye alikaa akanusa. Alijiambia, hii inapaswa kunitisha, kama mtu anayesoma bei kwenye ubao. Kisha akaendelea kuchora.

Kilichomgeuza ni chai.

Kila siku saa nne asubuhi mama yake, Bi Shaista, husimama chini ya ngazi na kupiga kelele, "Farwa! Chai!" na sauti ile husikika mpaka kwa muuza maziwa. Siku ya thelathini na nne Farwa alishtuka mama kasimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Mbona hukuniita?"

"Nimekuita mara tano, mwanangu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa kama inatoka nyuma ya blanketi. "Masikio yako yana nini?"

Hospitali walimmulika mama koo, wakasema koo safi kama la binti. Wakampa dawa ya kusukutua. Wajdan akasema, "Mama mkubwa amechoka kulia tu. Acha apumzike, kwanza nyumba itapoa." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Farwa alikuwa mpimaji. Mpimaji hapimi kwa huruma. Kwenye mafaili ya zamani alikuwa na sauti ya mama akipiga kelele ya chai. Aliitumia siku nyingi kujaribia nguzo zake. Hasi tisa. Akashuka na maikrofoni ndogo, akaiweka kwenye meza ya jikoni kati ya vitunguu, akasema, "Mama, niite kama siku zote."

"Unacheza?"

"Niite."

Mama akajaza kifua, mishipa ya shingo ikamsimama. "Farwa! Chai!"

Hasi thelathini na moja. Mtu anayemnong'oneza mtoto aliyelala husoma hasi thelathini na moja.

Kesho yake ilisoma hasi thelathini na nane. Keshokutwa yake arobaini na sita. Na juu, mchana wa siku hizo hizo, mstari ulisoma hasi moja nukta saba, hasi moja nukta nne, hasi moja nukta moja. Farwa aliziandika namba hizo mbili mbili kwenye karatasi, za mama upande wa kushoto, za mstari upande wa kulia. Hukuhitaji darasa la kumi kuzisoma. Kilichokuwa kinapungua chini ndicho kilichokuwa kinapanda juu.

Akapandisha mkono kwenye panya wa kompyuta. Mshale ukasimama juu ya mstari. Kubonyeza kumoja. Kidole chake kilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha, na hakikushuka, kwa sababu chini ya kile kidole kulikuwa na Jumapili, na jasho, na "nakugusia dari, kadogo," na akibonyeza hapatakuwa na kitu tena duniani ambacho Sibtain alikisukuma kwa pumzi yake na bado kimesimama pale alipokiacha.

Siku ya thelathini na saba ndiyo siku yenyewe. Saa sita kasoro umeme ukakatika. Mapanka yakazunguka mara za mwisho yakafa, friji chini ikanyamaza, mtaa mzima ukanyamaza ule unyamavu wa mji uliokatiwa umeme, na kioo cha Farwa peke yake kikabaki kinawaka kwa betri zake za lori. Wajdan alikuwa amelala chali sakafuni akijipepea kwa bahasha. Saa sita na dakika nne nguzo zikaanza kupanda.

Hakukuwa na sauti, nasema tena, hakukuwa na sauti yoyote, lakini nguzo ya kushoto iliinuka taratibu kutoka chini kabisa mpaka nusu, ikakaa, ikashuka, na ya kulia ikaifuata, ikapanda, ikakaa, ikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala, na Farwa aliyezichora nguzo zile alijua kwamba haziwezi kushuka hivyo, kwa sababu yeye aliziwekea mwendo mmoja wa kushuka na huu ulikuwa mwendo mwingine, wa kitu kinachoamua chenyewe lini kitoe pumzi, na harufu ya wali uliochacha ikajaa mpaka Wajdan akainuka kwa kiwiko akauliza nani kamwaga nini, na ndipo nguzo zote mbili zikadondoka hadi chini, zikatulia muda wa mtu kuhesabu mpaka tano, kisha zikaruka juu mara mbili, nyembamba, kali, zikifuatana, kama ukucha unaogonga maikrofoni.

Uko tayari?

"Dada," Wajdan alinong'ona. "Nani yuko stoo?"

"Hakuna mtu."

"Maikrofoni imepata kitu. Nani yuko stoo?"

"Nenda kaangalie."

"Mimi? Mimi nina mama yangu bado ananitaka!"

Walitazama wote wawili kupitia dirisha dogo la kioo. Magodoro. Maikrofoni kwenye mguu wake. Kitambaa chembamba kinachowekwa mbele ya maikrofoni ili mate yasiirukie kilikuwa kinaingia ndani na kutoka nje, ndani na nje, kama kuna mdomo.

Chini kikaanguka kitu cha bati.

Farwa alishuka ngazi. Bi Shaista alikuwa amesimama katikati ya jikoni, sufuria miguuni, dengu zimetapakaa. Mdomo wake ulikuwa wazi. Ulikuwa unafunguka na kufumba, ulimi unapanda, midomo inaumba jina, Farwa, Farwa, na hakikutoka kitu, hata ule mkwaruzo wa mtu aliyepotewa na sauti kwa mafua. Machozi tu. Farwa aliinama akaanza kuokota dengu. Aliziokota zote. Alipomaliza akamshika mama mkono, akasema kwa sauti ile ile ya kuuliza sukari, "Nimeelewa, mama. Nimeelewa."

Wajdan ndiye aliyemleta Fundi Inayat.

Usimfikirie mzee wa tasbihi na kilemba. Fundi Inayat alikuwa na miaka hamsini, suruali yenye madoa ya risasi ya kuchomelea, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vipaza sauti vya misikiti, huku na huku juu ya minara kama tumbili. Kutoa majini aliongeza baadaye, kwa sababu, alisema, vipaza sauti ndiko wanakopenda kukaa na yeye alichoka kuwakuta humo. Alivua viatu mlangoni, akapanda juu, akavuta pua.

"Gundi," akasema.

"Wewe pia unaisikia?" Wajdan akauliza.

"Kijana, hata maiti angeisikia." Akasogea kwenye kioo, akautazama mstari muda mrefu. Hasi nukta nane. "Hii ni nini?"

Farwa akamweleza. Alimweleza vizuri, kama anamweleza mteja: nguzo, mstari, namna unavyokaa usiposhushwa. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Binti, na hii haijazimwa tangu siku ile?"

"Haijazimwa."

"Hata umeme ukikatika?"

"Tuna betri."

Fundi akaketi sakafuni kama aliyekatwa miguu. "Lahaula. Umeme wa Lahore umetengenezwa na Mungu ili mambo kama haya yasitokee, nyinyi mkanunua betri."

Sauti yake ikashuka. Alizungumza akiuangalia mlango wa stoo. Kila mtu, alisema, huzaliwa na wake. Hamzadi, pacha wa upande wa pili. Saa ile mtoto anapotoka kwa mama, naye anatoka kwa wenzake, wanakua pamoja, wanazeeka pamoja, tofauti ni kwamba wewe unakufa na yeye hafi. Mtu akizikwa, hamzadi wake hubaki kama mbwa aliyefiwa na bwana wake. Siku arobaini huzunguka nyumba. Ndiyo maana siku ya arobaini watu hupika, husoma, huaga, hufunga mlango, naye akikuta hakuna alipobakiziwa nafasi huenda zake.

"Wewe umembakizia nafasi," Fundi alisema. "Umemwekea kigoda, na jina la mwenyewe limeandikwa. Amekaa. Sasa anataka kusimama, na hana sauti ya kusimamia. Ataitoa wapi? Kwa yule aliyemwita kwanza. Nani alimwita kaka yako kwa jina kabla ya mtu mwingine yeyote?"

"Mama," Wajdan akasema.

"Leo siku ya ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Keshokutwa mchana atafika darini. Taa yenu nyekundu itawaka, na atakuwa mzima, na mama yenu hatakuwa na sauti tena. Si hapa tu. Hata akiingia kaburini wakija wale malaika wawili kumuuliza Mola wako nani, atafungua mdomo hivyo hivyo."

Farwa alisikia maneno yale yakipita, kama lori linavyopita mtaa wa pili.

"Basi tuing'oe waya sasa hivi!" Wajdan alikuwa ameshasimama.

"Ukimng'oa kwa nguvu atakimbilia kitu kilicho karibu. Wewe una mdomo mpana, unataka akimbilie humo?" Wajdan akafunga mdomo kwa kiganja. "Aliyemwekea kigoda ndiye anayemshusha. Siku ya arobaini, saa yake ileile akiwa ameinuka. Binti, kwa mkono wako. Na wakati anashuka asisikie jina lake. Jina ni kamba. Akilisikia atalishika, na hapo mimi sina kazi tena, nitavaa viatu vyangu."

Siku ya arobaini walipika pilau ya mbuzi sufuria mbili, wakalisha mtaa, Kurani ikasomwa chini, watu wakaondoka saa tano na nusu. Bi Shaista alibaki jikoni na leso mdomoni. Juu, Fundi akajaza maji glasi tatu.

"Chukueni maji mdomoni. Msimeze, msiteme, mpaka mstari ufike chini. Mtu mwenye maji mdomoni hataji jina. Na mfumbe macho, isipokuwa binti."

"Na nikicheka?" Wajdan aliuliza, uso umempauka kama unga.

"Utakufa umelowa."

Saa sita na dakika nne. Mstari ulikuwa karibu kabisa kugusa dari, hasi nukta moja. Nguzo zikaanza kupumua, harufu ikashuka juu yao kama shuka lililoloweshwa, kitambaa cha stoo kikaanza kwenda ndani na nje, na safari hii Farwa alisikia, sikio likasikia, mbali sana, mtu akivuta pumzi kama anavyovuta mwimbaji kabla ya sauti ya juu, pumzi ndefu, ndefu kupita mapafu ya mtu, ikichukua hewa ya chumba, ikichukua joto, ikivuta nywele zake kuelekea kwenye kioo, na akajua kwamba pumzi ile ikifika mwisho itatoka.

Akabonyeza.

Mstari ukaanza kushuka. Polepole. Yeye ndiye aliyeuwekea mwendo huo, yeye na ubingwa wake wa jicho lisichoke. Hasi kumi. Hasi kumi na nane. Ulipita mahali ambapo sauti ya mama ilikuwa ikikaa akizungumza, ukapita mahali pa mnong'ono. Wajdan alikuwa amefumba macho, mashavu yamemvimba, machozi yanamtoka kwenye kope. Fundi naye alifumba, midomo imebana. Hasi arobaini. Pumzi ya stoo ilikuwa inaisha kama puto linalotobolewa. Hasi hamsini. Kilibaki kidogo, upana wa ukucha, kisha hapatakuwa na kitu.

Na ndipo ganzi ikamtoka. Sehemu moja tu, ndogo kama tundu la sindano, chini ya mbavu za kushoto. Iliuma kuliko kitu chochote kilichowahi kumuuma.

Farwa akameza maji.

"Sibtain," akanong'ona.

Nguzo zikashtuka. Mstari ukaruka mpaka hasi arobaini na saba, ukasimama hapo ukitetemeka. Hakuna aliyeona wala kusikia. Farwa aliutazama kitambo, kisha akaubonyeza tena, ukashuka, ukafika chini kabisa. Akajaza maji mengine mdomoni. Akaweka glasi mezani taratibu.

Fundi akafumbua macho. Akatazama kioo, akanusa. Hewa ilikuwa safi, ina pilau. Akatema maji dirishani, akasema, "Alhamdulillahi."

"Farwa!" Sauti ikapanda ngazi kama jiwe lililotupwa, ikagonga kuta, ikamfikia muuza maziwa na zaidi. "Farwa! Chai!"

Wajdan alitema maji yote kwenye kibodi. Akacheka, akalia, akamkumbatia Fundi aliyekuwa anajaribu kujinasua, akapiga kelele, "Hiyo ni hasi tisa! Dada, hiyo ni hasi tisa kamili!" Farwa aliitazama nguzo. Ilikuwa hasi mbili nukta tatu, palepale pa Jumapili ile. Lile tundu chini ya mbavu lilikuwa limeshazibika, na mwili ulikuwa umerudi kuwa wa mtu mwingine.

Akaizima kompyuta kwa mkono wake. Fundi akavaa viatu, akaondoka na sahani ya pilau iliyofunikwa.

Chini, jikoni, vikombe viwili vilikuwa mezani. Bi Shaista alikuwa ameketi, uso umeng'aa, mzuri, mzuri kuliko alivyokuwa tangu msiba. Alimtazama bintiye akivuta kiti. Alimtazama kwa kuinamisha kichwa upande mmoja kidogo. Wali uliochacha ulinukia, kwa mbali, ungeweza kusema ni sufuria ambazo hazijaoshwa.

Mama akanyoosha kidole, akagonga kikombe chake kwa ukucha. Tk, tk.

Akangoja.

Farwa alisikia chai ikipoa. Angeweza kusimama. Angeweza kukimbia barabarani amwite Fundi, alikuwa hajafika hata kona. Alimwangalia mama yake machoni mpaka akaona kilichokuwa kikimwangalia kutoka huko ndani, kimevumilia, kina jasho, kimebakiza nafasi.

Akainua kidole chake.

Tk, tk.